Skana Ndogo ya Bapa na Hifadhi ya Hati na Negativu

UTANGULIZI

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki limo sanduku ambalo halifunguliwi ila kwa nadra. Aghalabu ni bati la biskuti, au mkoba wa zamani uliowekwa juu ya kabati. Ndani yake mna vyeti vya kuzaliwa, hati ya shamba, barua zilizoandikwa katika karatasi nyepesi za ndege, na bahasha za studio zenye vipande vya negativu. Picha zenyewe zilizochapwa kutokana na negativu hizo nyingi hazipo tena: baadhi ziligawiwa kwa jamaa, baadhi zilififia ukutani, na baadhi zililiwa na mchwa. Kilichobaki ni negativu. Nayo haitabaki milele, kwani joto na unyevu vinaifanyia kazi usiku na mchana bila kelele.

Hasara ya namna hii haiishii nyumbani. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka mlimani uliiunguza Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika ya Kusini, na sehemu kubwa ya makusanyo yake yahusuyo Afrika ikateketea. Kitabu kilichochapwa huenda kikapatikana katika maktaba nyingine. Lakini hati iliyo ya pekee ikiungua bila kuachiwa nakala, haina pa kurudi. Negativu ni kitu cha pekee vivyo hivyo. Studio za picha za Afrika Mashariki, kama ile ya Capital Art mjini Zanzibar iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zilipiga picha za harusi, za maandamano, za masoko na za watu wa kawaida waliotaka kuonekana vizuri kwa siku moja. Kila negativu ya namna hiyo ni shahidi ambaye hana mwenziwe.

Chombo kinachoweza kumwokoa shahidi huyo si kikubwa wala si cha ajabu. Ni skana ndogo ya bapa, mashine yenye kioo juu na kifuniko, ambayo huwekwa mezani kando ya kompyuta. Watu wengi wamekwisha kuiona katika maduka ya stesheneri. Hata hivyo, kuiona si kuijua. Hati iliyoskaniwa vibaya hupoteza muhuri wake. Negativu iliyoskaniwa vibaya hutoa picha ya kijivu isiyo na sura. Mwenye mali, akidhani kwamba kazi imekwisha, hutupa kile cha asili. Hapo ndipo hasara hukamilika. Makala haya yanaeleza jinsi skana inavyofanya kazi, na jinsi ya kuitumia kwa hati na kwa negativu ili kosa hilo lisitendeke.

ASILI YA SKANA

Wazo la kuipasua picha katika nukta na kuigeuza kuwa tarakimu si jipya. Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi katika Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani, waliiingiza picha katika kompyuta kwa mara ya kwanza. Ilikuwa picha ya mtoto wake mchanga, yenye upana wa sentimita 5 tu, nayo iligawanywa katika nukta 176 kwa 176. Kila nukta ilikuwa ama nyeupe ama nyeusi. Rangi ya kijivu ilipatikana kwa kuiskani picha mara kadhaa kwa vipimo tofauti na kuyaunganisha matokeo.

Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith, wa maabara ya Bell huko huko Marekani, walibuni kijidude cha silikoni kinachojulikana kwa herufi CCD, ambacho hukusanya mwanga na kuutoa kwa sura ya chaji za umeme. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Mwaka 1976 Ray Kurzweil alionyesha mashine ya kuwasomea vipofu maandishi yaliyochapwa. Kitabu kiliwekwa juu ya kioo, mashine ikakipitia mstari kwa mstari, kisha ikatamka maneno kwa sauti. Skana ya bapa ya leo ni mzao wa mawazo hayo matatu: nukta, silikoni, na kioo.

JINSI SKANA INAVYOFANYA KAZI

Chini ya kioo cha skana mna kigari kinachosukumwa na mota ndogo. Kigari hicho hubeba taa na safu ya vihisi mwanga. Kigari kinapokwenda, taa huumulika ukanda mwembamba wa karatasi. Sehemu nyeupe ya karatasi huakisi mwanga mwingi, sehemu yenye wino huakisi mwanga kidogo. Mwanga ulioakisiwa huangukia vihisi, na katika kila kihisi huzibandua elektroni kutoka katika silikoni. Wingi wa elektroni hizo huwiana na wingi wa mwanga. Chaji hupimwa, ikageuzwa kuwa tarakimu, na tarakimu zikapelekwa katika kompyuta. Kigari husogea hatua moja, na kazi huanza upya. Kwa hiyo picha haichukuliwi kwa mkupuo mmoja kama ifanyavyo kamera. Hufumwa mstari kwa mstari, kama mkeka.

Rangi hupatikana kwa kuupima mwanga mara tatu: mwekundu, wa kijani na wa buluu. Rangi zote nyingine ambazo jicho huziona katika picha hutengenezwa kwa kuchanganya vipimo hivyo vitatu.

Skana za bapa ziko za aina mbili kuu, na tofauti yake ni jambo la kufahamu kabla ya kununua. Katika aina ya kwanza, mwanga hupitishwa katika vioo kadhaa vya kuakisi, kisha katika lenzi inayoipunguza taswira ya ukurasa mzima mpaka itoshe katika safu fupi ya CCD. Njia hiyo ndefu ya mwanga huhitaji nafasi, na kwa sababu hiyo mashine huwa nene na nzito kidogo. Faida yake ni kwamba lenzi huweza kuona vizuri hata kitu kilichoinuka kidogo juu ya kioo.

Katika aina ya pili, safu ya vihisi ina upana sawa na ukurasa wenyewe, nayo hukaa karibu kabisa na kioo. Hakuna vioo vya kuakisi. Mna safu ya lenzi ndogo zenye umbo la vijiti, na taa ndogo za rangi tatu ambazo huwaka kwa zamu. Mashine ya aina hii huwa nyembamba na nyepesi, na aghalabu hupata umeme wake kupitia waya ule ule unaoiunganisha na kompyuta. Hii ndiyo skana ndogo hasa, rahisi kubebwa hata kijijini pamoja na kompyuta ya mkononi. Udhaifu wake ni kwamba huona vizuri kile tu kilichogusa kioo au kilicho karibu nacho sana. Katikati ya kitabu kinene, mahali kurasa zinapoinuka, maandishi hutoka yenye ukungu.

KUSKANI HATI

Hati huhitaji matayarisho. Kwanza, pini na vibanio huondolewa, kwa kuwa huweza kukikwaruza kioo, na mkwaruzo mmoja utaonekana katika kila ukurasa utakaofuata. Kunjo hunyooshwa taratibu kwa mkono mkavu. Hati iliyokauka na kuwa ngumu haipaswi kulazimishwa, kwani itakatika penye kunjo. Pili, kioo husafishwa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa kidogo. Maji hutiwa katika kitambaa, si juu ya kioo, yasije yakapenya ukingoni na kuingia ndani ya mashine.

Tatu, karatasi nyembamba iliyoandikwa pande zote mbili hufunikwa kwa karatasi nyeusi kabla ya kufunga kifuniko. Sababu yake ni ya kifizikia: mwanga hupenya karatasi nyembamba, hugonga kifuniko cheupe na kurudi, ukileta pamoja nao kivuli cha maandishi ya upande wa pili. Karatasi nyeusi hunyonya mwanga huo, na maandishi ya nyuma hayarudi mbele. Barua za ndege husomeka vizuri zaidi kwa njia hii.

Nne, hati iskaniwe kwa rangi, hata kama wino wake ni mweusi. Wengi huchagua weusi na weupe ili kupata faili dogo. Lakini muhuri wa ofisi mara nyingi ni wa zambarau au buluu, na sahihi huandikwa kwa kalamu ya rangi nyingine. Katika weusi na weupe mtupu, kila nukta hulazimishwa kuwa nyeusi au nyeupe: muhuri uliofifia huhesabiwa kuwa ni weupe ukatoweka, na sahihi iliyopita juu ya muhuri huungana nao ikawa doa moja. Kwa rangi, vitu hivyo vitatu hubaki mbalimbali.

Mwisho, upande wa nyuma uskaniwe pia. Tarehe ya kupokelewa, namba ya jalada, au jina lililoandikwa kwa penseli huwa huko.

HESABU YA NUKTA

Ukali wa kazi ya skana hupimwa kwa wingi wa nukta katika inchi moja. Inchi moja ni milimita 25.4. Kwa nukta 300 kwa inchi, kila milimita hupata nukta 11.8. Mstari wa kalamu wenye unene wa milimita 0.2 hupata nukta mbili na zaidi, na hiyo yatosha kuuonyesha bila kukatika. Ndiyo maana nukta 300 zimekuwa kipimo cha kawaida kwa hati. Kwa maandishi madogo mno, ramani, au hati iliyofifia, nukta 600 hufaa.

Ukurasa wa kawaida wa A4 una milimita 210 kwa 297. Kwa nukta 300 kwa inchi, hutoa nukta 2,480 kwa 3,508, yaani zipatazo milioni 8.7. Ikiwa kila nukta inahitaji baiti 3 kwa rangi zake tatu, faili lote huwa na megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Kwa nukta 600, upana na urefu huongezeka mara mbili kila mmoja, na faili huwa kubwa mara nne: megabaiti 104. Hapa msomaji ataona kwamba kuongeza nukta ovyo kuna gharama yake, ya muda na ya nafasi.

Katika masanduku ya skana huandikwa tarakimu kubwa kubwa. Hapana budi kutofautisha nukta zilizopimwa na nukta zilizokisiwa. Za kwanza zilionwa kweli na vihisi. Za pili hubuniwa na kompyuta, kwa kuchukua wastani wa nukta mbili jirani na kupachika nyingine katikati. Nukta iliyobuniwa haiongezi habari hata chembe. Huongeza ukubwa wa faili tu. Hata nukta za kwanza hazitoi ukali kamili uliotajwa, kwa kuwa lenzi na mtikisiko wa kigari navyo hupunguza.

NEGATIVU SI HATI

Mtu aliyezoea kuskani hati hudhani kwamba negativu nayo ni ya kulazwa juu ya kioo na kufunikwa. Akifanya hivyo katika skana isiyotengenezwa kwa filamu, hupata kipande cheusi kisichoonyesha kitu. Sababu yapasa ieleweke.

Karatasi huonekana kwa mwanga unaoakisiwa. Filamu huonekana kwa mwanga unaopenya. Katika negativu, mahali palipokuwa na mwanga mwingi siku ya kupiga picha, kama kanzu nyeupe au anga, dawa ya filamu iliacha fedha au rangi nyingi, na pakawa peusi. Tuseme sehemu hiyo hupitisha mwanga 1 kati ya 100. Katika skana ya hati, mwanga hutoka chini, hupenya filamu, hugonga kifuniko cheupe, kisha hulazimika kupenya filamu ile ile mara ya pili. Unaorudi ni 1 kati ya 100 ya ile 1 kati ya 100, yaani 1 kati ya 10,000. Kihisi hakiwezi kuutambua. Kanzu hupotea, na uso uliokuwa kivulini hubaki peke yake.

Kwa hiyo skana ya negativu lazima iwe na taa nyingine ndani ya kifuniko, ili mwanga utoke juu, upenye filamu mara moja tu, na kukifikia kihisi. Kuna skana ndogo zilizotengenezwa na taa hiyo, na zipo nyingi zaidi ambazo hazina. Mnunuzi aiangalie taa yenyewe pamoja na fremu ya kushikia filamu, asiridhike na maneno ya sandukuni.

Hesabu ya nukta nayo hubadilika. Negativu ya kawaida ya milimita 35 ina picha ya milimita 24 kwa 36. Ikiskaniwa kwa nukta 300 kama hati, hutoa nukta 283 kwa 425 tu. Ikichapwa vizuri haizidi ukubwa wake wa asili, mdogo kama picha ya pasipoti. Kwa nukta 2,400 kwa inchi, hutoa nukta 2,268 kwa 3,402, yaani milioni 7.7. Picha hiyo huweza kuchapwa kwa ukubwa wa sentimita 19 kwa 29, karibu ukurasa mzima, na nyuso za waliosimama safu ya nyuma zikatambulikana. Tofauti hiyo ya tarakimu ndiyo tofauti kati ya kusema "hapa palikuwa na watu" na kusema "huyu ni fulani".

Kuna na kipimo cha pili, nacho ni idadi ya ngazi za mwanga. Kwa biti 8, mwanga hugawanywa katika ngazi 256. Sehemu ile nyeusi ya negativu inayopitisha 1 kati ya 100 hupata ngazi mbili au tatu tu, na mikunjo yote ya kanzu yapasa ijibane humo. Kwa biti 16, ngazi ni 65,536, na sehemu hiyo hiyo hupata zaidi ya 600. Kwa sababu hiyo negativu huskaniwa kwa biti 16 kwa kila rangi kila inapowezekana, hata kama nakala ya kutumia baadaye itapunguzwa.

KUISHIKA NA KUIWEKA FILAMU

Negativu hushikwa kingoni tu. Jasho la kidole huacha alama ambayo baadaye hugeuka kuwa doa la kudumu. Vumbi huondolewa kwa kipulizo cha mpira au brashi laini, kamwe si kwa mdomo, kwani pumzi ina unyevu na mate. Punje ya vumbi isiyoonekana juu ya karatasi huwa kubwa kama jiwe filamu inapokuzwa mara nane au kumi.

Filamu ina pande mbili: mmoja unang'aa, na mwingine, wenye dawa, umefifia kidogo. Ikiwekwa kinyume, picha hugeuka kushoto kulia. Kosa hilo ni jepesi kulipita bila kuliona. Liangaliwe katika maandishi ya ubao wa duka, katika vifungo vya koti, au katika saa ya mkononi.

Filamu haipaswi kulazwa juu ya kioo moja kwa moja. Hewa nyembamba inayobaki kati ya nyuso mbili laini hufanya mawimbi ya mwanga yaingiliane, na kutoa miduara ya rangi iitwayo miduara ya Newton. Fremu huiinua filamu juu kidogo na kuizuia isijikunje. Itumike fremu iliyotengenezwa kwa skana hiyo hiyo. Fremu ya kuazima huweza kuiweka filamu mahali ambapo lenzi haioni vizuri.

Baadhi ya skana huwa na njia ya kufuta vumbi kwa msaada wa miali ya infraredi, isiyoonekana kwa jicho. Miali hiyo hupita katika rangi za filamu kana kwamba hazipo, lakini huzuiwa na vumbi na mikwaruzo. Hivyo kompyuta hujua mahali pa kurekebisha. Njia hii hufaa kwa negativu nyingi za rangi. Haifai kwa zile za kale za weusi na weupe, kwa kuwa picha yenyewe imeundwa na chembe za fedha, na fedha nayo huzuia infraredi. Mashine huidhania sura ya mtu kuwa ni uchafu, ikaanza kuifuta. Kwa filamu hizo, brashi na subira ndizo dawa.

FILAMU ILIYOUGUA

Bahasha ikifunguliwa na kutoa harufu ya siki, filamu imeanza kuoza. Filamu nyingi za karne ya 20 zilitengenezwa kwa asetati. Katika joto na unyevu, asetati hutoa asidi ya siki, na asidi hiyo huharakisha uozo uliosalia. Kadiri inavyozidi kuoza ndivyo inavyozidi kuozeka. Filamu husinyaa, dawa yake hukunjamana, na picha hupasuka. Hakuna njia ya kuirudisha. Filamu ya namna hiyo itengwe na nyingine, iwekwe mahali pa baridi na pakavu, na iskaniwe kabla ya zilizo nzima. Huu ndio utaratibu wa hospitali: mgonjwa mahututi hutangulia.

Filamu yenye ukungu isioshwe kwa maji. Dawa ya filamu hushikiliwa na jelatini, ambayo kwa ukungu ni chakula. Jelatini iliyokwisha kuliwa huyeyuka ikiguswa na maji, na picha huondoka nayo.

Filamu za kabla ya miaka ya 1950 zahitaji hadhari zaidi, kwa kuwa baadhi yake ni za naitreti. Naitreti hushika moto upesi, na moto wake huendelea hata ndani ya maji kwa sababu hujitolea oksijeni yake yenyewe. Zisiwekwe karibu na joto wala kurundikwa pamoja. Wataalamu wa nyaraka waulizwe kwanza. Filamu nyingi zilizo salama huwa na neno la Kiingereza "safety" ukingoni.

KUIHIFADHI NAKALA

Nakala kuu iwekwe katika faili la aina ya TIFF, ambalo huweza kuhifadhi kila nukta bila kupoteza. Faili la JPEG ni dogo na hufaa kutumiwa jamaa kwa simu, lakini udogo wake hupatikana kwa kutupa sehemu ya habari, na kila likifunguliwa, likirekebishwa na kuwekwa tena, hutupa nyingine. Kwa hati za kurasa nyingi, PDF hufaa.

Diski huharibika, simu huibwa, na kompyuta hupigwa na radi. Kanuni inayokubalika na wengi ni hii: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwekwe mahali pengine mbali na nyumba hiyo. Nakala moja katika kompyuta moja si hifadhi.

Mwenye kupeleka hati zake katika duka la stesheneri ahakikishe kwamba nakala haibaki katika kompyuta ya watu. Cheti cha kuzaliwa na hati ya ardhi ni vitu vya siri. Nchini Tanzania taarifa za mtu binafsi zinalindwa na sheria iliyotungwa mwaka 2022. Hata hivyo, kufuta faili kabla ya kuondoka ni ulinzi ulio karibu zaidi.

La muhimu kuliko yote: hati ya asili isitupwe, na negativu isitupwe. Nakala huweza kusomwa, kutumwa na kuchapwa. Lakini mshindo wa muhuri katika karatasi, aina ya karatasi, na wino wenyewe ni ushahidi ambao hauingii katika faili. Aidha, skana za kesho huenda zikaona katika negativu kile ambacho za leo hazikuona. Aliyetupa negativu amejifungia mlango huo.

MAJARIBIO MATATU

Msomaji mwenye skana anaweza kuipima kwa vitu vya nyumbani.

1. Rula iskaniwe kwa nukta 300 kwa inchi. Sentimita 10 zapasa ziwe na nukta 1,181 katika picha. Rula iwekwe kwanza kwa upana wa kioo, kisha kwa urefu. Tarakimu zikitofautiana sana, kigari hakiendi sawasawa.

2. Negativu moja iskaniwe kwa nukta 1,200, kisha 2,400, kisha 4,800. Zote zikuzwe zilingane, na mahali pamoja pachunguzwe, kama vile nywele au mfumo wa kikapu. Pale ambapo nukta zaidi hazionyeshi kitu kipya, hapo ndipo uwezo halisi wa skana hiyo ulipokoma, na hakuna haja ya kupita hapo.

3. Barua nyembamba iskaniwe mara mbili, bila karatasi nyeusi na pamoja nayo. Tofauti itaeleza yenyewe.

HITIMISHO

Skana hupima mwanga, na hupima vizuri ikitumiwa kwa maarifa. Lakini liko jambo ambalo hakuna kihisi kinachoweza kulipima. Picha ya harusi ya mwaka 1964 huweza kutolewa katika negativu ikiwa safi, kila kitufe kikihesabika, na bado ikawa bubu: hakuna ajuaye bibi harusi ni nani, ni mtaa gani, wala yule mtoto aliyesimama pembeni alikuwa wa nani. Anayejua ni mzee mmoja, na mzee huyo ana umri wake.

Kwa hiyo kazi ya mwisho ya kuskani hufanyika mbali na mashine. Picha ionyeshwe kwa wazee wakiwa hai, waulizwe, na majibu yao yaandikwe katika jina la faili na katika daftari: mwaka, mahali, na watu kuanzia kushoto kwenda kulia. Kati ya vitu viwili vinavyoweza kupotea, negativu na mwenye kuijua, wa pili ndiye asiyeweza kunakiliwa baadaye. Yafaa aanzwe yeye.